Nimekuwa "mwenye farasi" Uingereza nikiwa zangu Nzuguni, Dodoma, miezi mitano sasa, haya ndo niliyoyaona

Niseme mapema tusipotezeane muda, kama unatafuta pa kuweka hela izae achana na hii kitu kabisa, nenda mnadani nunua mbuzi. Hii ni huduma ya kununua hisa ndogo sana ya farasi wa mashindano kule Uingereza, wale wa mbio za kuruka viunzi, unalipa mara moja kwa msimu halafu kila Ijumaa wanakutumia video na taarifa za farasi wako, akishinda mnagawana zawadi. Mimi hata sikununua, nilizawadiwa mwezi wa sita na mpwa wangu anayehudumia wazee huko, akanipigia akaniambia mjomba nimekununulia mnyama, ila huyu hutamchanja wewe. Ilimtoka pauni 60, kwa hela yetu laki mbili na kidogo, nikamwambia asante mama ila moyoni nahesabu mbuzi wangapi hao.

Jirani yangu hadi leo anajua nabeti. Kila akinikuta nimeinamia simu anauliza mkeka umechanika? Sio kubeti jamani, hakuna odi wala nini, ni kama una kipande cha ng'ombe ambaye yuko kwa mtu mwingine, anamlisha mtu mwingine, anamkamua mtu mwingine, wewe unaletewa picha. Nikisema hivyo ndo anazidi kucheka.

Mi ni afisa mifugo, nimesomea Mpwapwa, maisha yangu ni ng'ombe mbuzi kuku na punda. Farasi nimewagusa mara za kuhesabu, na huku kwetu sababu zinajulikana, kuna ndorobo, halafu kuna ule ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi ambao farasi akiupata mara nyingi hachomoki, wakati punda yeye anaupita tu kama mafua. Ndo maana Ugogoni anayechota maji, anayebeba mahindi na kuvuta mkokoteni ni punda. Kwa hiyo nilivyofungua ile programu yao mara ya kwanza nilikuwa nimekaa kimtihani kabisa, nataka nione hawa wazungu wana nini cha kunionesha.

Kujiunga kwenyewe kero kidogo. Kila kitu Kiingereza, malipo ni kwa kadi tu hakuna cha kulipa kwa simu, na video zao nzito balaa, ya dakika nne inakula bando utadhani umeangalia mechi nzima. Hakuna sehemu ya kupunguza ubora wa picha. Hiyo naipa nyota moja tu.

Farasi wetu ana jina refu la kwenye makaratasi ambalo nyumbani hakuna anayeweza kulitamka, watoto wakamwita Mtemi, basi limekaa. Ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, ana doa jeupe usoni, ana miaka saba. Video za mwezi wa sita Mtemi hafanyi chochote. Yuko malishoni na wenzake watatu, anakula majani, anafukuza nzi kwa mkia, tumbo limeshuka kama la ng'ombe mwenye mimba ya miezi nane. Nikasema laki mbili imeenda hiyo. Kumbe ndo utaratibu wao, mbio kubwa za kuruka zinaanza mwezi wa kumi hadi wa nne, kiangazi chao farasi wanavuliwa viatu, wanaachiwa shambani miguu ipumzike. Sasa hapo ndo baba yangu akaingia kwenye hii stori, mzee alikuwa ametoka Kongwa kuja kutibiwa macho, mtoto wa jicho, akafikia kwangu, na mchana hana la kufanya. Nikaunganisha simu na tivii nikamwonesha Mtemi. Mzee kafuga punda toka enzi za ujana wake. Akaangalia weee, akauliza, huyu anafanya kazi gani? Nikamwambia anakimbia baba. Anakimbia kwenda wapi? Anazunguka, anarudi palepale. Akanyamaza.

Mwezi wa saba wakarudishwa zizini na hapo ndipo hii huduma ikaanza kulipa hela yake, nasema kwa dhati. Mi nilidhani farasi wa mbio anarudi tu anakimbizwa. Hapana bwana. Kwanza mizani, Mtemi alirudi na kilo 561, kocha akasema anamtaka kwenye 515 hivi siku ya kwanza ya mashindano. Meno yakachongwa, chanjo ya mafua ikaangaliwa tarehe, na hilo la mafua hawana mchezo nalo kwa sababu mwezi wa pili 2019 mbio zote Uingereza zilisimama siku sita kisa mafua ya farasi. Akaja fundi wa kwato akamvalisha vyuma vya kawaida vya mazoezi, vile vyepesi vya alumini ni vya siku ya mashindano. Halafu ndo zikaanza wiki tano za kutembea. Kutembea tu! Barabarani, kwenye lami, foleni ya farasi kumi na kitu na vijana wamevaa jaketi za kung'aa, magari yanasubiri nyuma, wanapanda kilima wanashuka, wiki mbili za kwanza hatua tu, baadaye mwendo wa kudunda polepole, saa moja hadi saa moja na nusu kila siku.

Kocha alieleza sababu kwenye video moja ambayo nimeiangalia kama mara sita. Anasema moyo na mapafu ya farasi yanapata pumzi haraka, wiki chache tu unaona anatamani kuruka, lakini kano za miguu ya mbele na mifupa zinakomaa taratibu sana, kwa hiyo ukiufuata moyo unamvunja mguu. Lile tembea tembea kwenye sehemu ngumu ndo linaikomaza miguu. Na kano ikichanika si wiki mbili hiyo, msimu mzima umekwenda na pengine unaofuata. Kila asubuhi kabla hajatoka kuna dada anapitisha kiganja kwenye mguu kuanzia gotini kushuka chini, anatafuta joto, macho kafumba kabisa. Hiyo picha ilinigusa kwa sababu ndivyo mzee alivyokuwa anawapapasa punda wake, alinifundisha hivyo kabla sijakanyaga chuo. Nikamgeukia nimwambie, nikakuta naye mkono uko hewani anapapasa.

Akasema, ila sisi tulikuwa tunawapitisha korongoni kwenye mchanga. Na kweli, kama unaijua Kongwa unajua ile mito yetu ambayo miezi tisa ni mchanga mtupu. Nikamwambia baba hata wao, kuna farasi mmoja alikuwa anaitwa Red Rum, alikuwa na ugonjwa wa mfupa wa ndani ya kwato, kocha wake akawa anamkimbiza ufukweni Southport kwenye mchanga na maji ya chumvi, akaja kuishinda Grand National, ile mbio yao maarufu ya kuruka viunzi, mara tatu, 1973, 1974 na 1977, na hiyo miaka miwili ya katikati akawa wa pili. Mzee akasema sasa hao ndo wanaojua.

Mwezi wa nane wakahamia kwenye njia ya kupanda mlima, imemwagwa mchanga uliochanganywa na nta na vipande vya mpira hivi, haina vumbi, haitelezi. Wanapanda mara mbili, baadaye mara tatu, kwa mafungu, fungu la kwanza saa moja asubuhi. Hapa video zao ni nzuri kupita kiasi, wameweka kamera kwenye gari linalokwenda sambamba unasikia pumzi, prrh prrh prrh, inaendana na hatua, maana farasi anapumua kwa pua tu, mdomo hauhusiki kabisa, na akiwa mbio kila hatua ni pumzi moja. Akiwa na tatizo kooni unalisikia, kunakuwa na mluzi fulani. Wengine wanafanyiwa operesheni ya koo wakati wa mapumziko, na tangu mwanzoni mwa 2018 ni lazima itangazwe kwenye ratiba ya mbio ili watu wajue. Mtemi hana mluzi. Walimfunga kifaa cha mapigo ya moyo, akiwa amesimama kibandani ni kama 34 kwa dakika, juu ya mlima yakapita 200, halafu wanachoangalia sio yamepanda kiasi gani ila yanashuka haraka kiasi gani. Mwanangu wa darasa la sita kaelewa moyo kupitia Mtemi kuliko alivyoelewa kwenye daftari lake.

Kuruka kulianza mwezi wa tisa, na walianza na magogo yaliyolazwa chini. Mtu wa miaka saba aliyeshashindana misimu miwili anarukishwa magogo kama mtoto! Halafu wakamweka kwenye uwanja wa mviringo bila mtu mgongoni ajitafutie mwenyewe hatua, ndo baadaye viunzi vyepesi vya kimo cha mita moja na sentimita saba, kisha vile vikubwa vilivyosongwa kwa vijiti vya matawi ambavyo haviruhusiwi kupungua mita 1.37. Kitu nilichokuwa sikijui ni ule ubao wa mbele ya kiunzi, zamani ulikuwa wa rangi ya chungwa sababu macho ya binadamu yanauona vizuri, ila macho ya farasi yanaona rangi ya chungwa na kijani kama kitu kimoja tu, kwa hiyo miaka yote hiyo walikuwa wamempakia rangi mtu ambaye haruki. Kuanzia 2022 wakaanza kubadilisha, sasa ni nyeupe.

Sasa nifike kwenye malalamiko yangu.

Ijumaa ya pili ya mwezi wa tisa video ikaja, Mtemi anapelekwa kwa mwendo wa kudunda kwenye lami. Mzee ameshafanyiwa jicho la kulia, la kushoto bado. Akasema rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Akasema huyo anachechemea, mbele kushoto. Mi sijaona kitu, nikasema baba ni picha inakwama, bando. Akasema angalia kichwa sio mguu. Nikaangalia kichwa. Aisee. Kila mguu wa kushoto wa mbele ukigusa chini kichwa kinanyanyuka kidogo, anakwepa kuuwekea uzito, hii kitu nimefundishwa darasani, nimefundisha wafugaji, na nimeambiwa na mzee wa jicho moja sebuleni kwangu.

Nikaandika barua pepe kwa kampuni siku hiyohiyo, kwa heshima zote, nikataja na dakika ya video. Jibu likaja baada ya siku tatu, asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu, farasi wako anaendelea vizuri. Wiki iliyofuata video ikaja, Mtemi anakula karoti, amepigwa picha kuanzia kifuani kwenda juu. Ijumaa nyingine tena karoti. Jamani, mi nimekulia kwenye minada, mtu akikuonesha mnyama nusu unauliza nusu nyingine iko wapi.

Bahati nzuri kila mwaka mwezi wa tisa kule kuna wiki ambayo mazizi mengi ya farasi wa mbio yanafunguliwa kwa wananchi, bure, unajiandikisha tu mtandaoni. Mpwa wangu akajiandikisha, akapanda treni na basi, akanipigia video akiwa mlangoni. Niseme ukweli zizi lenyewe nimelivulia kofia, safi, kila farasi kibanda chake, majani makavu hayana ukungu, vijana wanajua wanyama wao kwa tabia sio kwa namba, wakamwonesha mashine ya kuwatembeza na bwawa la kuogelea la farasi. Akafika kwa Mtemi. Mjomba mbona huyu kafungwa bandeji? Kwato ya mbele kushoto imeviringishwa kama mtoto aliyechomwa na mwiba. Mzee akasema tu, eheee, akanyanyuka akaenda kuswaki.

Yule dada wa kupapasa miguu ndo aliyemweleza, tena hakuficha chochote, jipu ndani ya kwato, kijiwe au uchafu umepenya, wamechimba usaha umetoka, wanaloweka kwenye maji ya moto ya chumvi wanafunga dawa, wamepiga na ultrasaundi kwenye kano kuhakikisha, kano ni nzima. Ni kitu kidogo, kwa punda tunakiona kila masika. Zizi halina kosa hata chembe, walishamwambia mwenye kampuni toka siku ya kwanza. Ni kampuni iliyokaa kimya, taarifa rasmi ilinifikia wiki tatu kamili baada ya ile video. Nilivyowauliza kwa nini wakasema hawapendi kuwatia wanachama wasiwasi. Sasa mimi nimelipiwa laki mbili kwa ajili ya nini kama sio huo wasiwasi? Kuwa na mnyama ndo huko, unaamka usiku unasikia anakohoa. Karoti nitamlisha wa kwangu hapa.

Hapo hapo nikarudi kusoma yale maandishi madogo ambayo nilipaswa kuyasoma mwezi wa sita. Kumbe huna farasi. Unachonunua ni haki ya kupata sehemu ya zawadi kwa msimu huo mmoja, farasi ni wa kampuni, akiuzwa huhusiki, msimu ukiisha unalipa upya. Na zawadi yenyewe kwanza kocha, joki yaani anayempanda, na watu wa zizi wanachukua asilimia zao, inayobaki mnagawana watu kama elfu mbili na ushee, yaani Mtemi ashinde mbio ya kawaida mi napata hela ya maandazi na chai, tena chai ya rangi. Kwa upande wao nawaelewa, gharama ya kumweka farasi mmoja kwa kocha kule inapita pauni 2,000 kwa mwezi. Ila tangazo lao limeandikwa "miliki" kwa herufi kubwa, waseme ukweli tu bado watu watanunua.

Mke wangu yeye ana lake, hataki kuangalia wakiruka. Mwezi wa nne mpwa alitutumia Grand National ya Aintree, viunzi 30, karibu kilomita saba, farasi 34 kwa mara moja, na kabla ya 2024 walikuwa 40 wakapunguzwa sababu ya ajali. Kuna walioanguka. Mama watoto akauliza wanaoanguka wanaamka wote? Nikasema wengi. Akaondoka na beseni lake. Sina cha kumjibu hapo, hatari ipo na kampuni kwenye matangazo yake haigusii hata kwa nusu mstari, ukijiunga na watoto nyumbani ujue siku moja unaweza kuwaeleza jambo gumu.

Kwa hiyo kama wewe ni mtu wa wanyama, una bando la kueleweka na Kiingereza hakikusumbui, nunua mwezi wa sita sio wa kumi, maana kitu kitamu ni hayo maandalizi, ile miezi minne ya kumtoa mnyama kutoka tumbo la malishoni hadi anang'aa mbavu zinahesabika. Anayenunua mwezi wa kumi anapata dakika sita za mbio mara nne au tano kwa msimu, basi. Kwa video na kwa zizi nyota tano, kwa kampuni mbili, hiyo ya bando nimeshasema.

Hadi naandika hii Mtemi hajakimbia bado. Mguu umepona, amerudi mlimani, kilo 518, amesharuka viunzi vikubwa vizuri tu mara mbili. Tatizo sasa ni mvua, kwao vuli hii imekuwa kavu, ardhi ngumu, na kocha anasema huyu mguu wake unataka udongo laini, wamemwandikisha mara mbili wamemtoa mara mbili. Ameandikishwa tena Jumamosi hii, mbio ni saa nane na nusu mchana kwa saa zao, huku itakuwa saa kumi na moja na nusu jioni. Mzee ilikuwa arudi Kongwa Alhamisi akaandae shamba, kasema huku nako mvua haijanyesha hana anachokimbilia. Jana usiku kaniuliza kama kwenye ile simu kuna sehemu ya kuangalia mawingu ya Uingereza.